Mwandishi Hasemi

Jumamosi, saa nane, Barabara ya Kirinyaga, ghorofa ya pili.
Chini yetu wanauza breki, beringi, vioo vya pembeni.
Ubaoni Kerubo ameandika kwa chaki:
Ukishasoma, funga mdomo.
Mwandishi hasemi mpaka wenzake wamalize.

Nimesoma shairi la baba. Beti sita.
Nimemwita simba. Nimemwita nguzo.
Nimemwita mwamba usiotikiswa na mawimbi,
mimi, mtoto wa Umoja, ambaye mawimbi
nimeyaona kwenye kalenda ya benki.

Kimya. Feni inalia kwii, kwii.
Kisha Musembi, grisi ingali kwenye kucha:
"Ubeti wa tatu. Usiku akilinda. Mizani saba.
Nimehesabu mara mbili."
Akahesabu ya tatu, vidole juu, ili nione.

Lemayian akasema ameipenda tu.
"Umeipenda wapi?" Kerubo akamuuliza.
Akainua mabega. Sifa ile ilinipita
kama salamu ya mtu aliyenifananisha.

Bi Zuhura: "Huo mstari wa beji, kata. Hauna kazi."

Nasimiyu alikuwa wa mwisho, sare ya unesi chini ya sweta.
"Simba simwoni," akasema. "Umetaja kwamba
alikuwa soja Lavington. Miguuni alivaa nini?"

Ulimi wangu ukasimama wima:
gambuti! Ya kushoto namba tisa, ya kulia nane,
kampuni ilimpa zilizobaki stoo,
ya kushoto ikawa inapiga sakafu kwanza,
hivyo ndivyo tulivyojua ni yeye.
Lakini sheria ni sheria.
Nikatafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka.

Ikafika zamu yake.
Alisoma kuhusu watoto waliozaliwa usiku mmoja,
utepe mkononi, jina la mama tu.
Sikusikiliza. Nilikuwa nawinda.
Nikampata: kina kimoja, jamani, mara tatu.
"Hivi vina," nikasema, "vimelazwa wodini,
na daktari mwenyewe yuko likizo."
Wakacheka. Lemayian akapiga meza.

Nasimiyu hakucheka. Alifungua daftari
akaandika maneno yangu yote, hata "na",
akaweka nukta.
Ile nukta.
Kweli nilikuwa nayo mkononi,
ila nilimpa upande wa makali.

Tukashuka ngazi, yeye mbele.
Kwenye kipembe akageuka.
"Sasa alivaa nini?"
Nikamwambia. Kushoto, kulia, sakafu, yote.
Akasimama na begi lake begani
kama anayesikiliza mapigo ya mtu.
"Na ulituletea simba," akasema.

Nilitaka kuomba radhi. Kilichotoka ni
"Kile kina cha jamani…"
"Nimeshakifuta," akasema, akaenda zake zamu ya usiku.

Nyumbani nimefuta simba. Nimefuta nguzo.
Mwamba ulikuwa mgumu, nilikuwa nimeuzoea,
nikaufuta baada ya chai.
Beti sita zimebaki mistari mitatu.
Musembi, nimekutilia li yako, imekaa,
na inaniuma jinsi ilivyokaa.
Bi Zuhura, nisamehe, beji haiondoki.
Nilikuwa na miaka saba, nachungulia dirishani.
Nilimwona akiivua.

Gambuti hakuzipenda, moja tisa, moja nane,
Usiku akililinda geti la watu wengine,
Kabla ngazi hajapanda, huvua beji tumwone.

Nimeisoma kwa sauti jikoni, mara nne.
Jumamosi ijayo nitafunga mdomo tena.
Najua Musembi ataanzia wapi:
kabla, mizani mbili au tatu?
Ainue vidole. Nitahesabu naye.
Na kabla yake nitamwomba Nasimiyu
atusomee tena wale watoto,
polepole, kuanzia utepe.