Barua ya Kusindikiza Hesabu

Bwana Torkild,
hesabu zako zimetulia.
Siku kumi na moja nimezipekua hapa Oruro,
chumbani, mimi na jiko la gesi na kikohozi changu,
risiti kwa risiti, mhuri kwa mhuri,
hadi ile ya misumari, boliviano nne na nusu,
iliyoandikwa nyuma ya karatasi ya peremende.
Hakuna senti iliyotoroka.
Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena;
yako haikupotea. Daftari lipo, limenyooka,
limevaa tai.

Kisha nikadandia lori hadi Chillapata,
juu kule ambako hata pumzi hutolewa kwa mgawo.
Orodha ilisema: vibanda arobaini vya plastiki
vya kuoteshea mboga penye baridi.
Nikavihesabu. Arobaini. Nikatia alama.
Ndani ya cha kwanza, baiskeli na kuku waliojikunyata.
Ndani ya cha pili, viazi vya kugandishwa,
vyepesi, vikavu kama kokoto.
Cha tisa kilibaki mbavu: upepo uliila plastiki
mwaka uleule mlioipiga picha ya jalada.
Cha kumi na saba, nisikupunje, kilijaa letusi,
na mwenyewe, Saturnina Ticona, akanikatia jani
akanitazama nikitafuna
kama mtu anayengoja hukumu.

"Wanufaika mia mbili na arobaini," yasema ripoti.
Nikamuuliza Saturnina, wako wapi?
Akakunja vidole: huyu yuko Iquique, anapakua makontena;
wale walihamia El Alto; yule tulimzika Agosti.
"Lakini sahihi ni zao," akasema.
"Siku ile kulikuwa na supu."

Sasa nije kwenye kifungu cha sita, nukta tatu,
ulichokizungushia wino mwekundu:
mshahara wa fundi, petroli ya pikipiki,
spana, mipira ya pampu.
*Gharama za uendeshaji. Zipunguzwe.*
Zikapunguzwa. Asilimia ishirini na mbili ikawa tisa,
na gazeti la huko Aarhus likakuvisha nyota tano.
Naelewa. Mfadhili hupenda sarafu yake
imfikie mlengwa ikiwa bado ya moto,
kama mkate,
isiguswe njiani na mkono wa mtu.

Mkono wa mtu uliitwa Wilber Alanoca.

Nimezipiga pampu zako thelathini na moja,
mimi mwenyewe, kwa bega hili bovu.
Zilizojibu ni tano.
Nyingine zilitoa sauti ya mzee anayetafuta neno.
Hizo tano, Wilber huzipitia Jumapili
kwa petroli yake, haombi risiti,
kwa hiyo katika leja yako
maji yale hayapo. Watu wanakunywa kitu
kisicho na safu.

Huku juu mtu akitaja jana huonyesha mbele,
kwa kuwa jana imekwisha kuonekana;
kesho huonyeshwa kisogoni.
Mpango wako wa miaka mitano uko nyuma yangu, siuoni.
Naiona miaka mitatu iliyopita:
mimi, kalamu, chumba hikihiki,
nikiandika *hesabu ni za kweli na za haki*
bila kupanda hata kilima kimoja.
Kwa hiyo usidhani ninakunyooshea kidole peke yako.

Mwaka huu pia nimeandika hivyo. Ndivyo zilivyo.
Sheria haina kisanduku cha kiu.

Nimeambatanisha risiti moja zaidi, isiyo na mhuri:
lita sita za petroli, kituo cha njia panda,
zimetoka mfukoni mwangu.
Usinirudishie.
Itafutie tu mahali pa kuiandika,
na ukipakosa,
nijibu kwa nini.

Casilda Urquieta,
mkaguzi