Hajatoka

Kila mwezi wa kumi, Sayo Murakoshi
hushuka treni akitokea Sakaide
na skafu ileile ya rangi ya chai,
huja hadi kaunta yangu hapa Osaka na kuuliza:
"Mwaka huu, Shiogoro ametoka?"

Hajatoka, mama.

Namwekea kiti. Tunaanza upya.

Shiogoro, zimwi la mashamba ya chumvi:
mita arubaini kwa maneno ya bango,
mita moja na themanini kwa kweli,
mpira, sponji, na ndani yake
Eikichi Murakoshi, babake Sayo,
aliyepimwa kilo hamsini na saba asubuhi
na hamsini na nne jioni.
Siku ishirini na sita alikanyaga mji wa mbao laini.
Majina yalipopita mwishoni, lake halikuwamo.

Studio ilipofilisika, benki ilichukua filamu
pamoja na viti, mapazia, na gari la kubebea taa.
Benki hiyo ikamezwa na benki.
Ile iliyomeza haijui kuwa tumboni mwake mna zimwi.
Nimewaandikia mara tisa;
wamenijibu mara mbili, kwa adabu kubwa,
wakiomba namba ya akaunti ya mnyama.

Muziki nao una kesi yake.
Mtunzi aliacha piano, deni, na watoto wa nyumba mbili
wasiokaa chumba kimoja hata msibani.
Huyu akitia sahihi, yule anavunja kalamu.
Basi tuuondoe muziki, nilisema siku moja.
Lakini ngurumo ya Shiogoro ndiyo muziki wenyewe,
tarumbeta iliyopulizwa ndani ya pipa la maji.
Ukiiondoa, unabaki na mtu anayepiga miayo.

Kisha mkataba. Karatasi tatu, muhuri mwekundu:
kumbi za sinema, na televisheni ikibidi.
Mwaka ule nani alilijua neno kaseti?
Nani angeota kisahani kinachong'aa,
chenye kubeba zimwi zima na radi zake?
Kisichotajwa hakikuuzwa,
na kisichouzwa hakina hata mmoja wa kukitoa,
ila wa kukizuia wapo kumi.

Na kanda yenyewe (hili simwambii kila mwaka)
iko ghalani Amagasaki, kopo la saba limevimba.
Ukifungua kifuniko, siki inakupanda puani
kama achari iliyosahauliwa na marehemu.
Filamu inajikunja, inajila,
haimsubiri wakili amalize likizo.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Shiogoro alitujua: alivunja daraja, akaiacha shule.
Hili jingine, lisilo na mkia wala macho,
litembealo kwa vifungu na vifungu vidogo,
halimjui Sayo, halinijui mimi.
Hili hukula likakwisha.

Wapo wanaouza nakala za wizi, ukungu mtupu,
na maandishi ya Kijerumani chini.
Sayo alinunua moja.
Shiogoro alionekana, anasema,
kama mzee aliyejifunika blanketi mvuani,
na tukio analolitaka lilikuwa limekatwa.

Tukio lipi? Miaka kumi na mmoja
sikuwahi kumuuliza.

"Karibu na mwisho, kwenye reli,
Baba anajikwaa. Haikupangwa.
Pesa za kurudia hazikuwapo, wakaliacha.
Anaweka mkono chini, hivi,"
akatandaza kiganja juu ya kaunta yangu,
vidole vimeachana,
"na hapa shingoni, penye matundu,
unatoka mvuke.
Watu ukumbini walidhani ni sumu, wakapiga kelele.
Mimi nilikuwa na miaka sita. Nilijua
ni pumzi yake."

Alipoondoka niliitoa fomu ya barua ya kumi.
Penye *sababu ya maombi*
niliandika: pumzi.
Nikaifuta.
Nikaandika: biashara.