Nyongeza

Kadi mbili za shule juu ya meza ya plastiki.
Moja imelainika pembe kwa kupitishwa mikononi,
nyingine imefunikwa kwa sahani ya tambi.

Ya Mwanakheri, darasa la tano: Amezidi matarajio.
Bi Shekue, mamake mume wangu, aliibusu.
"Kitwa hiki cha kwetu," akasema, "cha babuye,
aliyejumlisha mizigo ya forodhani bila ya kalamu.
Maji hufuata mkondo."
Mume wangu akanyoosha miguu kochini:
"Na kamusi nani alinunua? Na televisheni nani alizima?"
Aliizima mara moja tu,
usiku ambao Majengo nzima haikuwa na stima.

Nami, sitasema uongo,
niliitazama ile kadi nikitafuta mahali pangu
kama mtu atafutaye uso wake kwenye picha ya arusi:
alfajiri zangu, uji wangu,
kidole changu kikifuata mstari naye, neno kwa neno.
Sikujiona. Nikaenda kuosha masufuria.

Kisha ya Fumo, darasa la pili.
Hesabu: Chini ya matarajio.

Babu wa forodhani akarudi kaburini mwake upesi.
"Mwalimu mwenyewe mbichi," akasema baba mtu,
"watoto sitini na watano, atamwona nani?"
Bi Shekue akasema ni jito, wamemtia jito
siku ya hitima, alipovaa ile kanzu mpya,
nami nilionywa nimfunge hirizi nikacheka.
Halafu, polepole, akipangusa miwani kwa upindo wa leso:
"Lakini pia, watu wa Mtongwe hawana haraka."

Mtongwe ni kwetu.
Nikajua feri imenifuata hadi jikoni.
Maji yana mkondo, kumbe, siku yanapopendeza;
yakiwa machafu huulizwa ng'ambo.

Usiniulize mimi nilisema nini.
Nilisema ni mvivu. Nilisema mbele yake,
naye amekaa kwenye mkeka akibandua gaga la goti,
kana kwamba anayesemwa ni mtoto wa jirani.

Usiku nikafungua mkoba wake.
Karatasi ya mtihani ina doa la mafuta, la kidole changu.
Swali la nne:
Mama ana bajia kumi. Ameuza sita. Zimebaki ngapi?
Ameandika, kwa mkono uliokandamiza hadi karatasi ikatoboka: tatu.
Mkasi mwekundu juu yake.

"Fumo. Kumi toa sita."
"Nne." Hakuinua hata macho.
"Basi mbona hapa tatu?"
Akanitazama kama anitazamavyo ninaposahau chumvi.
"Kwani mama, na ile ya nyongeza?"

Kila alasiri yuko kandoni mwa karai langu,
juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinikatia magazeti.
Ananiona nikihesabu sita na kufunga saba,
kwa dereva wa tuktuk, kwa wasichana wa madrasa,
kwa Mzee Mbwarali asiyelipa kamwe.
Ni mimi niliyemfunza: mteja asiondoke na mkono mkavu.
Swali lilisema mama. Alimjua mama mmoja tu.

Mume wangu akauliza kutoka chumbani:
"Haya, amesemaje mwanao?"
Mwanao, leo.
Nikafungua kinywa, ukweli uko pale ulimini, mtamu na mchungu,
nikajisikia nikisema:
"Ni yule mwalimu. Hajui kufundisha."

Mwanakheri alifauluje, hakuna aliyemuuliza.
Amelala, mkono chini ya shavu,
na siri yake, kama anayo, amelala nayo.

Nikamwaga mauzo ya siku mezani, baina ya kadi mbili.
Nikahesabu. Zimepungua, kama kila siku,
kiasi ambacho katika nyumba hii
ni mtu mmoja tu ajuaye kukikokotoa.