Hirimu

Mwaka ule wa arobaini na tatu
tulitengenezwa wawili, kwa haraka.

Mimi ni Isevya, Tabora, mimba ya miezi saba,
mama ameinama anapalilia karanga.
Bibi Kalunde alinipokea kwenye mfuko wa unga,
akanipima kwa kiganja, akaguna:
huyu hafikishi masika matano.
Sukari hakuna, kaniki hakuna,
baba yuko Burma anavuka mito
kwa ajili ya mfalme asiyemjua hata sauti.
Jina nalo wakanipa la kuazima,
wasije wakapoteza jina zuri
kwa mtoto wa kupita.

Yeye alizaliwa mbali, katika karakana isiyolala.
Wahandisi walikaa na kalamu nyekundu.
Shaba hii ya nini? Ikafutwa.
Dirisha la pili? Likafutwa.
Ribiti zikawa mshono wa kuchomelea,
tangi la maji likapinda kama hodhi la kuogea,
na namba yake, ambayo kaka zake waliivaa kwa shaba,
yeye alipakwa kwa brashi.
Vipande elfu moja walimtoa mwilini
na bado akasimama, akatweta, akavuta.
Miaka mitano inamtosha, walisema,
vita havitafika huko.

Tulikutana sabini na nne.
Serikali ilinipeleka Ujerumani ya Mashariki
kusomea ufundi wa reli, mimi na Ntahondi wa Kasulu
aliyelia usiku kwa kukosa migebuka.
Theluji ilifunika kila kitu isipokuwa yeye:
mweusi, mchafu, anaburura makaa,
miaka ishirini na sita zaidi ya ahadi.

Niliposomewa mwaka wake nilicheka peke yangu.
Nikavua glavu, nikamgusa ubavuni,
nikamsalimu kwa Kinyamwezi, polepole,
Ntahondi asisikie:
*Mwangaluka.*

Mwalimu wetu, mzee Benke, alikuwa nyuma yangu.
Usimpende upesi, akasema.
Muulize kwanza alivuta nini.
Nikadhani atataja mizinga.
Akasema: watu.
Mabehewa ya ng'ombe, kufuli kwa nje.

Nikatafuta la kusema, nikaokota la karibu:
chuma hakichagui mzigo, mwalimu.
Akatikisa kichwa.
Chuma hakichagui, kweli.
Lakini moto hauwaki wenyewe.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Koleo nilikuwa nalo mimi.

Hakuongeza neno. Tukarudi darasani
tukachora vali hadi saa sita.

Miaka thelathini nilifunga nati karakana ya Tabora,
na kila kichwa kilichoingia kinavuja
nilikiuliza kimoyomoyo: umebeba nani?
Tumbaku, asali, mahindi ya msaada,
wakimbizi toka Kigoma wameketi juu ya masufuria yao.
Hakuna aliyenijibu vibaya. Niliendelea kuuliza.

Shaba ya baba ilikuja kwa posta, yeye hakuja.
Nishani yenye utepe, ndani ya bahasha ya kahawia.
Mama aliitazama siku mbili,
ya tatu akaipeleka kwa mhunzi,
akazibia tundu la debe la maji.
Debe lile halikuvuja tena. Nimelinywea.

Sasa daktari wa Kitete ndiye mwenye kalamu nyekundu.
Meno sita, jicho la kushoto,
kipande cha utumbo ambacho sikujua ninacho.
Nauliza, nitavuta? Anasema, mzee, utavuta.
Jioni nakaa karibu na njia ya reli
nasikiliza mashine mpya za wageni zikichimba tuta,
sina kinyongo nazo.

Ila jina lile zuri hawakunipa.
Masika matano yalipita, wakasahau,
mama akafa hajalitamka,
na mpaka leo, msikitini, benki, kwenye foleni ya pensheni,
naitika lile la kuazima,
la rangi tu, la brashi.