Kina, Shibiri Moja

Kiyoyozi kilipoacha kudondosha maji dirishani
nikajua joto la Al-Khodh limeturehemu,
nikatoa pakiti tatu kwenye mkebe wa biskuti
nikazipanga mezani kama kadhi mwenye kesi.

Ya kwanza ndefu, kaituma Ghaliya kutoka Sharja:
pichani imenyooka kama kidole cha shahada.
Ya pili Kuroda, bega pana, mkia butu,
karoti ya watu wasiojitutumua.
Ya tatu ya zambarau. Sikuiomba.
Muuza mbegu wa Barka alinitilia kama nyongeza,
"Mama, hii ndiyo ya asili,"
nami nikacheka, maana kila muuzaji ana asili yake.

"Panda ndefu," akasema Khalfan, macho kwenye simu.
Mume wangu hupenda virefu:
hotuba, minara, barabara ya kwenda Sur.
Lakini mwenye kuchimba ni mie.
Shibiri moja ya udongo wa kununua, uliokuja kwa lori,
na chini yake changarawe za wadi
zilizokuwapo kabla ya nyumba, kabla ya ukuta, kabla ya hati ya kiwanja,
wala hazina habari na picha ya pakiti.

Basi nikapanda zote. Ugomvi wa nini?

Mbegu ya karoti ni vumbi lenye nia.
Nikaichanganya na mchanga, nikaimwaga kwa vidole viwili
kama mpishi asiyeiamini chumvi yake,
nikafunika kwa gunia la mchele, nikalilowesha asubuhi na jioni.
Siku ya tano, hakuna kitu.
Siku ya tisa, sisimizi wanahama na mstari wa zambarau,
kila mmoja na mzigo wake, hawana hata haya.
Siku ya kumi na tatu nikainua pindo la gunia
kama anayechungulia mtoto aliyelala:
uzi wa kijani. Uzi mwingine.

Kisha ile kazi nisiyoipenda, kupunguza miche,
kung'oa kilicho hai ili kilicho hai kipate nafasi.
Mama mkwe kaketi kwenye kiti cha plastiki, ananielekeza kwa mkongojo:
"Hiyo jazar, ing'oe. Na hiyo jazar."
"Karoti," nikasema.
"Jazar."
Miaka thelathini na mmoja tunavutana neno hili,
na supu tunachota sufuria moja.

Januari. Ndefu za Ghaliya
zilizifikia changarawe zikagawanyika:
moja miguu miwili, moja mitatu,
moja imekunja goti kama mtu anayetafuta kiatu chake mlangoni mwa msikiti.
Nikampelekea Khalfan picha. Akajibu kwa kidole gumba.
Kuroda zimejaa kwenye shibiri yao, zimeridhika.
Hizo sikuona haja ya kuzipiga picha.
Nikala nne palepale, na mchanga menoni.

Zambarau zilizosalia, mbili.
Moja ikaingia kwenye wali, wali wote ukawa rangi ya wino,
wajukuu wakagoma.
Ya pili sikuing'oa. Februari ikatoa bua,
Machi ikafungua mwavuli mweupe,
na nyuki, sijui wametoka wapi katika mtaa huu wa saruji.
"Imeharibika hiyo," akasema Khalfan. "Mzizi umeshakuwa ukuni."
Kweli. Hata mbuzi angeutema.
Nikakivika kichwa chake soksi ya mtoto
upepo usije ukakipukutisha.

Leo kiyoyozi kimeanza tena kudondosha.
Nimefikicha mbegu kiganjani, nimepuliza makapi,
nimezitia kwenye bahasha ya bili ya umeme,
juu nimeandika: Karoti ya Uani. Kina, shibiri moja.
Mama mkwe akaomba kalamu.
Chini ya maandishi yangu, kwa mkono unaotetemeka,
kutoka kulia kwenda kushoto,
akaandika neno lake.

Nimeliacha.