Koti la Mchungaji

Mchungaji Ambakisye,
koti lako nimelianika juu ya mafiga;
mvua ya Isyonje haionei nguo huruma.
Mfukoni mlikuwa na barua ya kwenda jimboni.
Wino umevuja. Nimesoma neno moja, “naomba”.
Mengine nimeyaachia moshi.

Najua washirika tumebaki kumi na wanne,
kapu la sadaka lina mayai na viazi,
bati la upande wa madhabahu lilikwenda na upepo wa Julai,
na wapo wanaosema mahubiri yako yamepoa.

Mimi mahubiri nayasahau kabla sijafika mtoni.
Lakini siku tulipomzika Asegelile wangu,
ukungu umefunga hata kaburi hatulioni,
ulipoteza ukurasa, ukanyamaza,
ukavua koti hilihili,
ukashika koleo pamoja na vijana.
Udongo ule naukumbuka hadi leo,
ulivyoshuka polepole, kwa adabu.

Barua imekauka. Nimeirudisha mfukoni, ni yako.
Kifungo kilicholegea nimekishona.
Jumapili, ukiweza, njoo nalo.
Kengele nitaigonga mapema,
maana wa bondeni huchelewa na tope.