Sado Moja ya Dagaa

Nilipiga hesabu getini: sado moja ya dagaa,
sado ya kujaza, ibaki chenji ya chumvi.
Hiyo ndiyo bei ya kutazama samaki usiowauza.
Bigirwa wa tiketi akacheka. "Mama Nzeyi,
leo wewe ni mgeni. Waache wapumue."

Kibirizi nimekaa miaka kumi na tisa.
Samaki namjua kwa uzito, kwa jicho lililodidimia,
namjua mgebuka wa jana anayejifanya wa leo.
Ila mzima, anayegeuka, mwenye shughuli zake,
huyo sikuwahi kukutana naye.

Njia inashuka kwenye matete.
Mnandi wamejipanga juu ya jiwe walilolipaka mavi,
mbawa wazi, makoti ya mvua yanasubiri jua.
Mdiria kasimama hewani, hewani kabisa,
anapiga mbawa bila kwenda popote, macho chini,
kisha chubwi!
Nikamkumbuka afisa ushuru.
Furukombe akalia mara moja tu
na ziwa lote likawa lake, hadi milima ya Kongo.

"Vaa miwani hii, mama. Inama, tia uso majini."
Mgongo ulikataa. Nikainama.

Maji maangavu hata nikaogopa kuanguka.
Mawe, na juu ya mawe samaki wa bluu, wa manjano,
wenye mistari kama daftari la shule,
na mmoja wa mashavu manene, katulia pembeni.

"Huyo jike," Bigirwa akasema nilipoinuka,
"ana watoto mdomoni.
Wiki tatu, nne, hali kitu.
Akila, atawameza."

Mwaka ule wa njaa, sufuria ilikuwa moja.
Mama alikaa upande wa moshi, kafumba mdomo,
tukimwita anatikisa kichwa.
Tulidhani kakasirika.
Tulikula haraka haraka tumkimbie.

Nikarudisha uso majini.
Watoto walikuwa nje, mchele uliomwagika.
Kivuli cha mnandi kikapita,
mama akaachama, wakaingia wote.
Au karibu wote. Sikuwahi kuhesabu,
mimi ninayehesabu kila kitu.

Getini kuna kitabu cha wageni.
Jina. Utokako. Maoni.
Kalamu ilikaa hewani kama yule mdiria.
Nikaandika: Maji ni safi.
Nitarudi siku isiyo ya soko.